Uasin Gishu haikuwa ya Chamberlain

Kila Gaza ikirudi kwenye taarifa ya habari, kuna mzee mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp lazima aandike: laiti Wayahudi wangekubali kupewa Uasin Gishu, huku Kenya, leo Eldoret ingekuwa Tel Aviv. Safari hii kaitikiwa "amina". Nimechoka.

Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwaahidi Wazayuni wa Theodor Herzl, waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi yao, kama maili za mraba 5,000 za nyanda zile. Aliahidi kama nani? Reli ilikuwa imeshafika Kisumu, wateja hakuna. Naye alikuwa amepita na treni Desemba 1902, akaona nchi nzuri, baridi safi. Basi, ikawa yake ya kugawa. Wanandi waliokuwa wakichunga huko, na ambao tangu 1895 walikuwa wakipigana na hao hao Waingereza, nani aliwauliza? Haya, nakubali, nyumba zilikuwa chache. Vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe vilishawatawanya Wamaasai wa Uasin Gishu. Lakini malisho si mahame.

Palestina nako ni yale yale. Mwaka 1899 Yusuf Diya al-Khalidi, aliyewahi kuwa meya wa Yerusalemu, alimfikishia Herzl barua kumsihi kwamba nchi ile ina watu wake, iachwe. Herzl akamjibu kwa adabu tele kwamba Waarabu watatajirika. Mwaka 1910 tajiri Sursock wa Beirut akauza ardhi ya al-Fula, na wakulima walioilima wakatolewa. Shukri al-Asali, mkuu wa wilaya kule Nazareti, alipinga mauzo yale asifue dafu. Hati zilikuwa safi, jamani! Mwenye hati yuko Beirut, mwenye jembe yuko shambani. Sisi wa Kilifi tunawajua vizuri wenye hati wasioonekana.

Msinielewe vibaya. Kishinev, mji wa dola ya Urusi, Aprili 1903, Wayahudi walichinjwa kweli, na anayekimbia kisu haulizwi anakimbilia wapi. Tena wajumbe wa Urusi, waliokuwa karibu zaidi na kisu hicho, ndio waliopinga mpango wa huku kwa machozi kwenye kongamano la Wazayuni pale Basel, Uswisi. Kongamano la 1905 likaukataa kabisa. Lord Delamere na walowezi wenzake nao walipiga kelele, ila msidhani ni kwa huruma ya Wanandi.

Ninayemshangaa ni Balfour. Waziri mkuu wakati wa ahadi ya Uasin Gishu ni yeye. Mwaka 1905 serikali yake ikapitisha sheria ya kuwazuia wahamiaji, hasa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wasijazane Uingereza. Mwaka 1917 akatoa azimio lake la kuwaahidi Wayahudi makao ya taifa Palestina. Mkarimu kwelikweli, mradi nyumba si yake.

Na yule Richard Meinertzhagen, afisa Mwingereza aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani? Mwaka 1919 alikuwa afisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza huko Palestina, akiwapigia debe Wazayuni waziwazi.

Kwa hiyo, mzee wangu wa "laiti", walowezi unaowatamani walikuja. Makaburu walifika Uasin Gishu 1908 na magari yao ya ng'ombe, wakagawiwa mashamba kwa namba. Mji wa Eldoret ukaota kwenye namba 64, na mpaka leo watu wanauita Sisibo, yaani "sixty-four". Wanandi walishasukumwa kwenye rizavu, eneo walilotengewa na serikali ya kikoloni.