Na sisi tunaouguza tuambiwe

Asante mwandishi kwa habari hii ya vipimo vya kinga kwenye damu vinavyoweza kuonyesha mapema kama mgonjwa aliyepasuliwa saratani yuko hatarini kupata nimonia. Nilimuuguza baba mdogo, mvuvi wa Igombe hapa Mwanza, alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya umio, ule mrija wa chakula. Siku ya 4 homa ikapanda, kifua kikambana. Hakuna aliyekuwa ametueleza kuwa upasuaji mkubwa wenyewe hushusha kinga kwa siku kadhaa: kati ya chembe nyeupe za damu, limfosaiti hupungua, nyutrofili hupanda. Uwiano wa hizo mbili unapatikana kwenye kipimo cha damu cha kawaida kabisa, kile cha kuhesabu chembe za damu! Peke yake haukati shauri, maana hata jeraha la upasuaji huupandisha, ila ukifuatiliwa siku hadi siku pamoja na CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, daktari atashtuka mapema.

Baba mdogo aliogopa kuvuta pumzi ndefu kwa maumivu, nasi tukamwacha alale tu, tukidhani tunamhurumia. Kumbe alitakiwa apewe dawa ya maumivu ya kutosha, akalishwe kitako, akohoe huku amekumbatia mto, asafishwe kinywa asubuhi na jioni. Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyetufundisha, mgonjwa akiwa tayari kwenye oksijeni.