Apasepsheni: nguruwe mwitu wa Leibniz ametambua nini?

Anayeishi jirani na kinu cha maji hufika wakati asisikie tena kelele zake, ingawa masikio yake ni mazima na kinu hakijanyamaza. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, alisema kelele hizo bado zinaingia nafsini. Kinachokosekana ni kuzitambua. Kule kuingia tu ni hisi. Kuitambua hisi ndiko alikokuita apasepsheni.

Alikuwa akimjibu John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyeshikilia kwamba nafsi haiwezi kuwa na wazo bila kujua kuwa inalo. Locke alifariki mwaka 1704, Leibniz akauweka kando mswada wa majibu yake, na kitabu hakikutoka hadi 1765, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Sasa, kutambua huko ni kupi? Katika andiko la mwaka 1714 Leibniz anaeleza apasepsheni kuwa ni ufahamu, yaani nafsi kuijua hali yake ya ndani kwa kujitafakari, na kwamba si kila nafsi imejaliwa uwezo huo. Wasomaji wengi wamesimama hapo: apasepsheni ni nafsi kujigeukia, kwa hiyo mnyama hana. Mwanafalsafa Kant naye, mwaka 1787, alilivuta neno upande huohuo aliposema kwamba “nafikiri” lazima iweze kuandamana na kila wazo langu.

Lakini katika ule mswada wa kumjibu Locke yumo nguruwe mwitu. Mtu anampigia kelele. Mwanzo nguruwe alikuwa na hisi hafifu tu ya mtu huyo, kisha anamtambua na kumwendea moja kwa moja. Wanaotetea maana finyu hujibu kwamba hapo Leibniz ametumia kitenzi cha kawaida cha Kifaransa, si istilahi yake. Hoja hiyo ina uzito. Tena wanayo nyingine nzito zaidi: Leibniz anasema tukizinduliwa punde baada ya sauti kupita, tunakumbuka kwamba tuliisikia, na kukumbuka namna hiyo kunafanana sana na kujitazama.

Hata hivyo mimi naegemea maana pana. Mkazi wa kinuni hakukosa falsafa ya nafsi yake. Alikosa kuelekeza makini kwenye sauti. Akielekeza, ataisikia hata kama hajiwazii lolote. Kujitafakari kunaweza kufuata, lakini ni hatua ya tatu, nayo yastahili jina lake.

Isitoshe, mwaka uleule wa 1714 Leibniz aliwalaumu wafuasi wa mwanafalsafa Mfaransa Descartes kwa kuzihesabu hisi zisizotambuliwa kuwa si kitu, kosa lililowafanya waseme wanyama hawana nafsi. Tukishika maana finyu, wanyama wanarudishiwa nafsi ambayo haitambui chochote kamwe, na itabidi tuseme kwamba nguruwe yule alimshambulia mtu ambaye hakuwa amemtambua.