Hoki Isiyotaka Mbio

Ukikimbia, unapigiwa filimbi na mpira wanapewa wapinzani. Ndiyo kanuni kuu ya hoki ya kutembea, mpira wa magongo usio na mbio, unaochezwa sana kwenye vilabu vya Uingereza. Wapo wanaoicheka, eti ni ya wazee waliokosa shughuli. Basi wajaribu kuuona mpira uko wazi hatua nne mbele yao, halafu wajizuie wasiukimbilie! Vijana ndio huadhibiwa zaidi.

Mbio zikiondolewa, hubaki akili: kutoa pasi mapema, kujua pa kusimama, kuutuliza mpira kwenye gongo. Mpira husukumwa chinichini, haupigwi kwa nguvu. Ndiyo maana bibi, mjukuu na mtu anayerudi mazoezini baada ya kuugua wanaweza kuwa timu moja, na bibi akawa ndiye fundi.

Kuhusu magoti, sababu iko wazi. Mkimbiaji huruka kidogo kila hatua, kisha uzito wote unatua kwenye mguu mmoja. Anayetembea haachi ardhi. Ila tusidanganyane: hoki ni mchezo wa kuinama, na mgongo wa miaka 60 utalalamika kesho yake. Vikinga ugoko navyo vivaliwe, maana mpira wenyewe ni mgumu.

Ninachosikitikia ni hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki kule Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne. Mkenya Avtar Singh Sohal alicheza hoki kwenye Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Tanzania nayo ilipeleka timu ya hoki ya wanaume kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Nchi zenye historia hiyo zina watu wengi walioshika gongo wakiwa shuleni, kisha wakalitundika walipopata kazi na kitambi. Mchezo wetu unamjua mchezaji wa ligi na mtazamaji. Katikati hakuna kitu.

Wala tusisubiri nyasi bandia. Uwanja wa basketi wa shule, mpira mwepesi na magongo ya kuazima kwa klabu vinatosha kuanzia. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, lisaa limoja tu. Na chai ya baada ya mechi isifutwe kwa kisingizio cha bajeti: kwa mstaafu anayeshinda peke yake nyumbani, huenda hiyo ndiyo iliyomtoa.