Muulizeni kwanza kama ana mimba

Hapa Dodoma ukitaja vitamini A, watu wanakumbuka matone ya kliniki. Muuguzi anakata ncha ya kidonge kwa mkasi na kumkamulia mtoto mdomoni: yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya mitano. Ini huyaweka akiba na kuyatoa polepole. Mama, Juni na Desemba mpeleke mwanao, usiache kwa sababu ya haya ninayoandika.

Hofu yangu ni isotretinoini, dawa ya chunusi sugu ambayo wasichana wanaelekezana kama wanavyoelekezana mafuta ya nywele. Dawa hii ni ndugu wa karibu wa vitamini A.

Mwilini, retinoli, yaani vitamini A yenyewe, hubadilishwa kuwa retinali, ile inayotusaidia kuona gizani, na hatua hiyo inaweza kurudi nyuma. Retinali ikishageuka asidi ya retinoiki, hairudi tena kuwa akiba. Asidi hiyo huamrisha jeni ziwake au zizime, kwa hiyo kidogo tu kinatosha, na ikimaliza kazi lazima ivunjwe. Wanaoivunja hasa ni vimeng'enya vya kundi la CYP26, kisha mabaki hutoka kwa nyongo na mkojo.

Wataalamu walitengeneza dawa za kuzuia makusudi uvunjaji huo, liarozoli na talarozoli, ili asidi ya mwili wenyewe idumu kwenye ngozi yenye maradhi. Wazo lina mantiki. Lakini ukizuia, madhara ni yaleyale ya kuzidisha vitamini A: midomo kupasuka, ngozi kukauka, kichwa kuuma. Hata ketokonazoli, dawa ya fangasi tunayoijua wote, hupunguza uvunjaji huo ikimezwa. Ndiyo maana sipendi kabisa tabia ya kuchanganya vidonge bila kumwambia mfamasia unatumia nini kingine.

Kwa mjamzito ni hatari kubwa zaidi. Kijusi hutumia asidi hii kupanga uso, moyo na uti wa mgongo, na CYP26 huifuta pale isipotakiwa. Vijusi vya panya visivyo na CYP26A1, kimeng'enya kimojawapo cha kundi hilo, vingi vilikufa kabla ya kuzaliwa, mgongo ukiwa na kasoro. Isotretinoini, ambayo yenyewe ni aina ya asidi hiyo, inafurika hapohapo, na kidonge kimoja tu katika wiki ambazo msichana hajajua kuwa ana mimba kinaweza kumdhuru mtoto.

Mlenda wetu hauna shida hii. Betakarotini ya majani mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya mahitaji, na karanga tunazotia humo husaidia ifyonzwe. Ila majani yaanikwe kivulini, jua kali huiharibu. Maini ndiyo ya kuangalia: mtu mzima asizidishe mikrogramu 3,000 za retinoli kwa siku, na gramu 100 za ini la ng'ombe hupita hapo kwa mbali. Mjamzito asiyafanye kitoweo cha kila siku.

Muuza dawa anayemkabidhi msichana isotretinoini bila cheti cha daktari, bila kumuuliza habari ya mimba, anakosea, na msimamizi wa eneo lake anapaswa kumzuia. Wewe unayeitumia kwa cheti, pima mimba kabla ya kuanza, tumia uzazi wa mpango, na ukiacha subiri mwezi mzima ndipo utafute mtoto. Ukiona hedhi imechelewa, acha kidonge leo hii uende hospitali.