Jaketi la mtoto lilinikasirisha, alafu nikaikumbuka Mkanda

Juzi Jumamosi mfanyakazi mwenzangu alitualika tutoke na boti yake hapa Seattle, kwenye Lake Washington, mimi na mke wangu na kijana wetu wa miaka minne. Tumefika, chakula tayari, jua zuri, maji yametulia kama ya kwenye sinia, na yule bwana akakataa kufungua kamba. Alimvika mwanangu laifu jaketi, akafunga vifungo vyote na ule mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha akalishika jaketi mabegani akalivuta juu. Likapanda likameza kidevu na masikio ya mtoto. Akasema hili kubwa, akianguka atatoka chini na jaketi litabaki linaelea peke yake, hatutoki. Tukakaa karibu dakika arubaini mkewe akitafuta saizi ndogo, na mimi nimenuna wallahi. Nikawa nasema moyoni, mimi mtoto wa Lamu, nimezaliwa maji yako mlangoni, leo nafunzwa maji na mtu wa ziwani?

Hasira zikaniisha pale pale gatini, kwa sababu nilikumbuka pikniki yetu ya sikukuu nilipokuja nyumbani.

Tulikodi boti familia nzima kwenda Manda Toto, kisiwa kidogo karibu na Manda. Boti ya watu kumi, tukaingia kumi na wanane ukihesabu watoto, na wa kumi na tisa alikuwa anarusha mguu nikamwambia basi jamani. Nikauliza majaketi, yako kwenye gunia chini ya omo, kule mbele ya boti, gunia limefungwa. Nahodha, kijana mzuri tu, heshima zake zote, akanambia, "Kaka, maji shwari yeo, utamvika tukiwaona Coast Guard." Nikashikilia, nikapewa moja, la mtu mzima, kifungo kimevunjika kimefungwa uzi wa nyavu, linanuka dizeli na samaki. Ndio mana mama zetu hawataki kuyavaa juu ya buibui zao na mimi siwalaumu. Kwenda tulikwenda salama. Kurudi jioni ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yanatoka, mkondo unavuta, upepo umegeuka, boti ya kasi ikatupita ubavuni na mawimbi yake yakaingia kwetu. Kijana mmoja akaanza kufua maji kwa galoni lililokatwa, nahodha akikaza usukani, watu wote wakahamia upande mmoja, na mimi nimeshika shati la mwanangu kwa ngumi mpaka vidole vimekufa ganzi. Ngumi yangu ndio iliyokuwa laifu jaketi. Tulifika, alhamdulillahi, watu wakashuka wanacheka, na mimi ile ngumi nilishindwa kuifungua.

Najua mtakavyosema, huyu kaenda Marekani miaka sita amesahau mikoko. Sikuisahau. Babangu alikuwa nahodha wa mashua, alikuwa anajua fungu la mchanga liko wapi usiku kwa kusikiza maji tu, na hawa watu wa huku wengi wao ukiwazimia simu yenye ramani hawajui kaskazi na kusi. Kwa ubaharia hawatufikii hata kidogo, hilo nalisema mbele ya yeyote. Mashindano ya mashua Lamu ukimleta bingwa wa huku ataliangusha tanga kabla ya kutoka mbele ya jeti. Basi kwa nini watu wanaojua bahari kuliko wote ndio wanaobeba mtoto bila jaketi? Hilo ndilo linaloniuma, na lingekuwa linatoka kwa watu wasioijua bahari nisingeandika.

Huku nahodha wa boti ya starehe kazi yake inaanza kabla injini haijawaka. Jimbo hili la Washington huendeshi boti ya mashine ya nguvu za farasi 15 au zaidi mpaka uwe na kadi ya kusomea, na kadi hiyo inamhusu kila aliyezaliwa kuanzia 1955, yani hata babu. Boti ya chini ya futi 19 ikiwa inakwenda, mtoto wa miaka 12 kushuka chini anavaa jaketi, na kila aliyemo lazima liwepo lake la saizi yake. Kuna kamba inayomfunga dereva na injini, akianguka injini inazima yenyewe isije ikamrudia na mapanga yake, na tangu Aprili 2021 kuitumia kwenye boti ndogo ni sheria ya nchi nzima. Boti nyingi ndogo zina kibao karibu na usukani, watu wangapi na uzito gani, huna haja ya kubishana na wa kumi na tisa, unamuonesha kibao. Na mawimbi unayoyaacha nyuma ni yako, ukimpindulia mtu chombo chake unajibu wewe. Hapo nawakumbuka wazee na mitumbwi yao mbele ya Usita wa Pwani, ile njia ya ufukweni Lamu, boti za kasi zinavyowapita na mzee anaacha mshipi anashika kafi kwa mikono miwili.

Sisemi hawafi. Mwaka 2023 walikufa watu 564 kwenye boti za starehe Marekani nzima, wengi kwa kuzama, na wengi wa waliozama hawakuvaa jaketi, na pombe ndio inayotajwa mbele kwenye vifo. Kwa hivyo kuwa mzungu hakumuokoi mtu.

Na wale wa "boti zao nzima, zetu mbovu", mnaikumbuka Skagit? Ile iliyozama Julai 2012 karibu na Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja. Ilikuwa boti ya abiria ya jimbo hili hili ninaloishi, ilijengwa 1989, ikafanya kazi maji haya ninayoyaona nikienda kazini, ikauzwa 2011. Siku nilipojua hivyo nilikaa kwenye basi nikapitiliza kituo changu. Chombo ni kile kile jamani. Huku kilibeba watu zaidi ya miaka kumi, kwetu hakikufikisha miwili, kikapakiwa kupita kiwango kikatolewa kwenye bahari ya kusi.

Kuna atakayenijibu ajali ni kadari, siku ikifika imefika. Babangu alikuwa hafungui kamba bila "Bismillahi majreha wa mursaha", na akishamaliza dua anakagua ngama, yale maji ya chini ya chombo, anatazama nanga, anahesabu watu kwa kidole, akizidi mmoja anamshusha hata awe shemeji yake. Hakuna aliyemwambia imani yake ndogo. Na atakayesema jaketi ni ghali, sawa, lakini kwenye ile boti ya Manda Toto majaketi yalikuwemo! Yalishanunuliwa, yakafungwa kwenye gunia yakisubiri askari. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi, familia moja Lamu ilizika watu wake kwa boti iliyopinduka, na sote tulilia. Leo tena twamvika mtoto jaketi tukimuona askari, tukishampita twamvua.

Na sisi abiria tusijitoe. Mimi siku ile nilijua tumezidi na nikapanda, kwa sababu niliona haya kuharibu sikukuu ya watu. Yule bwana wa ziwani hakuona haya kunikalisha dakika arubaini.

Disemba tunakuja, inshallah, kaskazi ikiwa imeshika. Nimeshanunua majaketi matano ya watoto, mawili ya mabinti wa dadangu, na nimeyajaribu yote kwa kuyavuta mabegani. Manda Toto tutarudi, na nahodha nampenda yule yule, mkono wake mzuri. Ila watoto watavaa kuanzia jetini, na akija mtu wa kumi na moja mimi ndio nitakayeshuka.