Msimu wa korosho na mgonjwa aliyelala chali

Msimu wa korosho ukifika, nyumba nyingi za Masasi, Newala na Ruangwa hubaki tupu tangu alfajiri. Mgonjwa wa kiharusi, au aliyeanguka mnazi akaumia uti wa mgongo, huwekewa uji na maji karibu, akalala chali mpaka watu warudi. Hapo ndipo kidonda kinapoanza. Hakuna aliyemroga. Mfupa unaibana ngozi kwenye godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Saa chache zinatosha.

Kosa letu kubwa ni kusubiri kidonda kifunguke ndipo tuulizie dawa. Dawa ya kwanza ni kugeuza, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Asilalie nyonga moja kwa moja. Mwinamishe kama nyuzi 30, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro kabisa. Kumsogeza, mnyanyueni wawili kwa shuka. Ukimburuta, ngozi inang'ang'ania shuka huku mfupa ukienda, na mishipa midogo inakatika ndani kwa ndani.

Kila zamu kagua kifandugu, nyonga, visigino na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta palipozidi weusi au penye zambarau, pana joto kuliko pembeni, pagumu au panabonyea. Asipalalie tena mpaka parudi kawaida, na tafadhali msipachue kwa mafuta: nyama pale imeshaumia. Ngata au tyubu chini ya makalio nayo iondoeni, inabana duara zima na kunyima damu katikati.

Akijikojolea, osha, kausha bila kusugua, paka mafuta ya mgando.

Kidonda kikifunguka, kioshwe kwa nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spiriti na unga wa kapsuli, hapana. Mpeni mayai, samaki, choroko, mbaazi. Kikinuka, kikiwa cheusi, mfupa ukionekana au homa ikipanda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Haya yote huachiwa mama au binti mmoja, naye hawezi kukesha hivyo peke yake. Ndugu wanaokuja kutoa pole wapewe zamu ya usiku, na ratiba ibandikwe ukutani kabla ya watu kwenda shamba: saa, upande, jina la mgeuzaji.