Injini Inayojizima Njiani: Ugomvi Uko Wapi Hasa?

Madereva wengi wa magari ya miaka ya karibuni wana desturi moja: wakishafunga mkanda na kuwasha injini, kidole huenda moja kwa moja kwenye kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale, na safari haianzi mpaka kibonyezwe. Kitufe hicho huuzuia mfumo unaoizima injini gari linaposimama na kuiwasha tena dereva anapoachia breki au, kwa gari la gia za mkono, anapokanyaga klachi. Kifaa kilichowekwa ili kuokoa mafuta kinazimwa kila siku na huyo huyo anayeyanunua mafuta. Ama madereva hawaijui faida yao, au aliyekiweka kifaa hicho alikuwa akimtazama mtu mwingine. Naona yote mawili yana ukweli, ila la pili lina uzito zaidi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Toyota ililijaribu katika gari la Crown katikati ya miaka ya 1970, Fiat ikaliingiza katika Regata ES miaka ya 1980, na Volkswagen ikauza Golf Ecomatic miaka ya 1990. Wanunuzi hawakuvutiwa, na kwa muda mrefu mfumo huu ukabaki jambo la wahandisi wachache. Kilichobadilisha mambo ni sheria. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliwawekea watengenezaji kikomo cha wastani wa gramu 130 za hewa ya ukaa kwa kila kilomita kwa magari mapya, kikomo ambacho kilipaswa kutimizwa kikamilifu mwaka 2015, kisha kikafuata cha gramu 95. Faini ikafikia euro 95 kwa kila gramu inayozidi, kwa kila gari linalouzwa. Kampuni inayouza magari laki kadhaa kwa mwaka haiwezi kuidharau hata gramu moja, na stata (mota inayoizungusha injini ili iwake) imara zaidi pamoja na betri bora ni gharama ndogo ikilinganishwa na kuunda injini upya.

Jambo lililoupendelea zaidi mfumo huu ni namna magari yalivyopimwa. Katika kipimo cha maabara kilichotumika Ulaya hadi mwaka 2017, kiitwacho NEDC, gari lilikuwa limesimama kwa karibu robo ya muda wote wa jaribio. Katika kipimo kilichokirithi, WLTP, sehemu hiyo ilishuka hadi takriban asilimia 13. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa kifaa hiki kiliisaidia karatasi ya mauzo kuliko kilivyoweza kumsaidia dereva ambaye safari zake nyingi ni za barabara kuu. Na kwa kuwa gari hupimwa katika hali linayojikuta nayo likiwashwa, mfumo hurudi kufanya kazi kila injini inapowashwa upya, hata kama dereva aliuzuia jana na juzi. Usumbufu wa kitufe unaanzia hapo. Hakuna sababu yoyote ya kiufundi inayolizuia gari kukumbuka uamuzi wa mwenyewe.

Nchini Marekani njia ilikuwa nyingine. Huko watengenezaji walipewa alama za ziada za kupunguza hewa chafu kwa vifaa ambavyo faida yake haionekani vizuri katika majaribio ya kawaida, na mfumo huu ukawa mmoja wao. Baadhi ya magari ya General Motors yaliuzwa bila kitufe cha kuuzima kabisa. Mwezi Mei mwaka 2025, Lee Zeldin, mkuu wa Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo, alitangaza kwamba utaratibu huo utarekebishwa, akidai kuwa kila mtu anauchukia. Hoja ya chuki haitoshi. Mikanda ya viti nayo ilichukiwa. Kifaa kuletwa na sheria hakukifanyi kikose faida, na kuchukiwa hakukifanyi kiwe kibaya, kwa hiyo ni afadhali kukipima kwa kazi yake.

Kazi yake ni rahisi kuhesabu. Injini ndogo ya petroli inayonguruma gari likiwa limesimama hutumia takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa. Injini kubwa hutumia zaidi, na kiyoyozi kinaongeza. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Argonne nchini Marekani walionyesha kwamba injini ikinguruma kwa zaidi ya sekunde 10 hutumia mafuta mengi kuliko yanayohitajika kuiwasha upya, jambo linaloiondoa ile imani ya zamani kwamba kuwasha gari ndiko kunakokula mafuta. Imani hiyo ilikuwa na mashiko enzi za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Kwa injini zenye mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta, haina tena.

Tumchukue dereva ambaye gari lake hutumia lita 0.7 kwa saa likiwa limesimama, naye husimama kwenye taa na foleni kwa jumla ya nusu saa kwa siku. Kwa siku 250 za kazi, mafuta yanayoteketea bila gari kusogea yanakaribia lita 87, yaani takriban kilo 200 za hewa ya ukaa. Mwenzake anayeishi kando ya barabara kuu na kusimama dakika mbili tu kwa siku angeokoa lita zisizofika sita kwa mwaka mzima. Wote wawili wameuziwa mfumo ule ule kwa maelezo yale yale. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kiliwahi kukadiria kwamba mfumo huu huokoa asilimia 5 hadi 7 ya mafuta. Sina ugomvi na wastani huo, lakini wastani unaweza kumficha dereva anayeokoa sana na yule asiyeokoa chochote, na kila mmoja anapaswa kujua yuko upande gani kabla ya kusifu au kulaani.

Hata hizo lita 87 ni kiwango cha juu ambacho gari halitakifikia. Mfumo haufanyi kazi injini ikiwa bado ya baridi, betri ikiwa na chaji pungufu, dereva akiwa amefungua mkanda au mlango, au gari la dizeli likiwa linachoma masizi katika kichujio chake cha moshi. Kiyoyozi nacho kina ushawishi mkubwa katika jambo hili. Katika magari mengi kompresa yake huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizimika baridi hukatika na feni hubaki kupuliza hewa inayozidi kupata joto. Baada ya muda mfupi kompyuta huiwasha injini hata kama taa bado ni nyekundu. Palipo na joto kali sana, mfumo unaweza kupumzika siku nzima, na mwenye gari akadhani umeharibika.

Foleni ya kusogea hatua kwa hatua ndiyo inayoyaudhi magari haya na waliomo ndani. Gari husimama sekunde tatu, injini inazimika, la mbele linasogea, injini inawaka kwa mtikisiko, mita nne baadaye mambo yanarudi yale yale. Kwa kipimo cha sekunde 10, kuzima huko ni hasara tupu. Magari ya gia za mkono yana busara ambayo haisifiwi vya kutosha: injini haizimiki mpaka dereva atoe gia na kuachia klachi, kwa hiyo anayejua kwamba foleni itasogea sasa hivi huendelea kukanyaga klachi, na anayeona taa imewaka nyekundu punde huiachia. Uamuzi unabaki kwa mtu anayeiona barabara. Katika gari la gia za kujibadilisha, kompyuta huamua kwa kusoma mwendo na breki, navyo haviwezi kuiambia kwamba lori lililo mbele limeanza kutoa moshi wa kuondoka. Katika baadhi ya magari hayo, kukanyaga breki kwa wepesi badala ya kuikandamiza hadi chini huizuia injini isizimike, na dereva akizoea mbinu hiyo hupata nusu ya uhuru wa mwenye klachi. Inasikitisha kwamba watu wengi huigundua kwa bahati.

Hofu inayosikika zaidi, hasa kwa mafundi, ni uchakavu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zinazoishikilia injini ikiwa inazunguka. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili unaojengwa na mzunguko wenyewe. Injini ikisimama utando huo hupungua, na inapowashwa kuna mizunguko michache ambapo chuma hukaribia chuma kabla oili haijashika nafasi yake. Injini ya kawaida huwashwa mara makumi ya maelfu katika maisha yake, ilhali yenye mfumo huu inaweza kuwashwa mara laki kadhaa. Ukiishia hapo, utahukumu kwamba kifaa hiki kinaiua injini polepole.

Lakini uwashaji unaotafuna injini ni ule wa asubuhi, oili ikiwa imeshuka yote na kuwa nzito, na uwashaji huo unafanywa na kila gari, lenye mfumo na lisilo nao. Kwenye taa nyekundu injini ni ya moto, oili ni nyepesi, na kilichobaki kwenye beringi hakijapata muda wa kutiririka. Watengenezaji nao hawakulala: beringi nyingi za injini hizi hupakwa tabaka la polima linalostahimili msuguano wa mwanzo, na stata zake hujengwa kwa idadi ya uwashaji iliyo mara kadhaa ya stata ya zamani. Mazda ilikwenda mbali zaidi kwa kuzisimamisha pistoni mahali panapofaa, kisha kupuliza mafuta na kuyawasha ndani ya silinda ili mlipuko wenyewe usaidie kuizungusha injini, huku stata ikichangia kidogo. Kwa hiyo hofu ya injini kufa mapema naiona imetiwa chumvi, mradi oili iwe ya daraja lililoelekezwa na ibadilishwe kwa wakati. Anayeweka oili yoyote inayopatikana, kisha akaulaumu mfumo, anauonea.

Gharama ya kweli iko kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, taa, redio, feni na kompyuta zote huilalia betri peke yake, kisha betri hiyo hiyo hutakiwa kuizungusha stata, na zoezi hilo hurudiwa mara nyingi kila siku. Betri ya kawaida haikuundwa kwa maisha hayo. Magari haya hutumia aina mbili: EFB, ambayo ni betri ya majimaji iliyoimarishwa, na AGM, ambayo asidi yake imefyonzwa na nyuzi za kioo. Zote mbili ni ghali kuliko betri ya kawaida, AGM zaidi. Isitoshe, katika magari mengi betri mpya hailetwi na kufungwa tu. Inapaswa kusajiliwa kwa kompyuta ya gari, vinginevyo alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu. Hesabu ya haki basi ni hii: chukua tofauti ya bei kati ya betri inayotakiwa na ya kawaida, igawanye kwa bei ya lita ya mafuta, kisha ulinganishe lita hizo na unazookoa katika miaka ambayo betri itadumu. Kwa dereva wa kwanza tuliyemtaja, hata akipata nusu tu ya zile lita 87, mfumo kwa kawaida unajilipa. Kwa yule wa barabara kuu, huenda lita zake sita kwa mwaka zisiufidie ughali wa betri.

Upo upande mwingine usioingia katika hesabu ya mwenye gari. Magari thelathini yaliyosimama kwenye makutano yakiwa kimya hayatoi moshi kwa mtu aliyesimama kando akisubiri kuvuka, wala kwa mtoto aliye kwenye kigari chini ya usawa wa ekzosi. Faida hiyo humwendea mpita njia, na betri hununuliwa na dereva. Hapo ndipo serikali ina haki ya kuingilia kati, na sioni aibu kuitetea haki hiyo, ingawa kulipendelea kundi moja kwa kifaa cha kundi lingine kunadai kwamba kifaa chenyewe kiwe kimetengenezwa vizuri.

Na kinaweza kutengenezwa vizuri. Ushahidi umekuwa barabarani tangu mwaka 1997, Toyota Prius ilipoanza kuuzwa Japani. Gari la haibridi kama hilo, lenye injini na mota ya umeme pamoja, huizima injini mara nyingi kuliko gari lolote la kawaida, na ni nadra kumsikia mwenye haibridi akitafuta kitufe cha kuzuia jambo hilo. Gari lake huondoka kwa mota ya umeme, injini huwaka baadaye bila mtikisiko, na katika nyingi kompresa ya kiyoyozi hutumia umeme, hivyo baridi haikatiki. Magari yenye umeme wa volti 48, ambayo stata na alteneta ni mashine moja iliyofungwa kwa mkanda, yanakaribia ulaini huo. Kumbe dereva hachukii injini kuzimika. Anachokichukia ni stata ya volti 12 inayolitikisa gari zima, na ile nusu sekunde ya mashaka anapotaka kuingia kwenye makutano yenye magari mengi. Hilo ni kosa la utekelezaji wa bei rahisi, na watengenezaji walilifanya kwa sababu kipimo cha maabara hakina safu ya kuandika mtikisiko.

Ningekuwa naandika kanuni, ningeruhusu gari likumbuke uchaguzi wa dereva, kisha kipimo rasmi kifanywe mara mbili, mfumo ukifanya kazi na ukiwa umezuiwa, na matokeo yote mawili yaonyeshwe kwa mnunuzi. Kwa sasa, anayeendesha mjini penye taa ndefu auache ufanye kazi, auzuie anapoingia kwenye foleni ya kutambaa, na katika gari la gia za mkono atumie klachi kufanya uamuzi huo. Anayenunua gari lililotumika aangalie jambo moja zaidi: injini ikiwa ya moto, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na mkanda umefungwa, kama bado haijizimi kwenye taa baada ya mwendo wa kutosha, mara nyingi betri imechoka au mwenye gari wa awali aliweka ya kawaida, na bei ya AGM mpya inafaa kuingia kwenye mapatano kabla ya fedha kutolewa.